Kabla Hujashangilia Kile Kijani

Jumanne usiku, kabla ya kulala, nilifungua simu nikakuta ujumbe wa binti mmoja anayesoma shahada ya uzamili. Jina lake nalihifadhi, na chuo chake pia. "Shikamoo dada. Nimeviona! Virusi vimo ndani ya seli kabisa. Naomba unisaidie namna ya kuandika matokeo, msimamizi anataka rasimu Ijumaa." Chini aliweka picha nne za shina la muhogo lenye michirizi ya kahawia. Alikuwa amelikata vipande vyembamba, akavipaka kingamwili zenye rangi inayong'aa, akavitazama kwenye hadubini. Kijani kilikuwa kimejaa, kikali, kimefuata michirizi ile kama mtu aliyepaka kwa brashi.

Nilikaa kitandani nikazitazama moja moja. Picha zile nazijua. Niliwahi kuzipiga mwenyewe, karibu zote, nami nikafurahi hivyo hivyo. Furaha ile ilinigharimu mwaka mmoja na miezi minane.

Nilimjibu kwa swali moja tu: "Marhaba mdogo wangu. Kipande cha shina hilo hilo lenye ugonjwa, ambacho hukukiwekea kingamwili ya kwanza, kinaonekanaje?" Alama mbili za buluu zikatokea. Hakujibu. Ndiyo maana naandika haya leo, kwa ajili yake na kwa wengine wengi wanaosoma hapa ambao najua mnataka kile nilichokitaka mimi: kumwona adui wa muhogo akiwa ndani ya nyumba yake.

Kwa wale wapya, nieleze kidogo. ELISA na PCR, vipimo tunavyovitumia kila siku kutafuta kirusi, vinataka usage jani. Ukishasaga unapata jibu kwamba kirusi kipo au hakipo, lakini hutajua kilikuwa kwenye seli ipi, karibu na mshipa au mbali nao. Kingamwili zinazong'aa zinakuonyesha mahali. Unachukua protini ya ganda la kirusi, unamchoma sungura sindano yake, damu yake inatengeneza kingamwili zinazoishika protini hiyo. Hiyo ndiyo ya kwanza. Ya pili hutoka kwa mbuzi, nayo hushika kingamwili yoyote ya sungura, ikiwa imefungwa rangi, mara nyingi FITC. Ukiimulika kwa mwanga wa buluu wa karibu nanomita 490, inakurudishia kijani cha karibu 520. Filta inazuia buluu na kuruhusu kijani. Kwenye kijani ndipo kingamwili ilipokaa, na kingamwili ilipokaa ndipo palipo na protini ya kirusi.

Hivyo ndivyo inavyosomeka kwenye makaratasi. Mmea lakini nao una mwanga wake.

Nilianza kazi hii nikiwa na kiburi kidogo, nakiri. Nimezaliwa Mkuranga, nimekula muhogo tangu sijaota meno. Kwenye sura ya kwanza ya andiko langu niliandika kwa fahari kwamba ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa mara ya kwanza na mtafiti Storey mwaka 1936, akiwa kituo cha utafiti cha Amani, hapa hapa kwetu kwenye milima ya Usambara, na kwamba sasa mtoto wa Pwani ataonyesha kirusi chenyewe ndani ya seli ya muhogo. Kirusi hiki kina umbo la uzi unaopinda, urefu wake karibu nanomita 650, mwembamba mno kiasi kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kukuonyesha uzi mmoja mmoja. Unachokiona ni rundo la protini zake zilizojikusanya ndani ya seli. Nililijua hilo. Nilijua mengi, ila sikujua kusubiri.

Nilichagua shina kwa sababu michirizi inaonekana kwa macho. Nikachukua muhogo wa aina ya Albert, ambao ugonjwa huu huupiga vibaya sana, nikakata, nikapaka, nikatazama. Ukawaka! Nikachukua shina la mche mzima, usio na ugonjwa, nikalifanyia yote yale yale, likawa hafifu. Mgonjwa anawaka, mzima hawaki. Ungekuwa wewe ungesemaje? Nilipiga picha zaidi ya mia moja usiku ule. Nilimpigia mama simu saa tano usiku nikamwambia nimekiona.

Wiki tatu baadaye nilisimama mbele ya idara. Kulikuwa na profesa mgeni amekaa mstari wa pili, mtu mpole, anaandika kwenye daftari dogo. Alinyoosha mkono nilipofika picha ya nne. Akauliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Na kipande cha mgonjwa bila kingamwili ya kwanza, umekiweka wapi?"

Sikuwa nacho. Nilikuwa na mmea mzima, niliona unatosha. Nikaanza kueleza, nikajikuta narudia maneno. Msimamizi wangu akasimama, nikadhani ananisaidia. Akasema mbele ya watu wote kwamba tatizo la vijana wa siku hizi ni kukurupuka, na kwamba yeye hakuwa ameziona picha zile. Alikuwa ameziona. Alikuwa ameniambia nizikuze zaidi ili rangi itoke vizuri. Nimeshamsamehe, au naendelea kumsamehe, lakini sentensi ile bado naisikia ninapoingia kwenye ukumbi wowote wenye viti vya mistari.

Kesho yake sikwenda maabara. Keshokutwa nilikwenda, na aliyenipokea ni mzee mmoja, fundi sanifu wa maabara aliyebakiza miezi michache astaafu. Hakunipa pole. Aliniambia, "Mwanangu, chukua shina lako. Kata. Weka tone la maji. Usipake kitu chochote. Tazama."

Alinifundisha pia kukata, kwa sababu vipande vyangu vilikuwa vinene upande mmoja. Unachukua karoti mbichi, unaipasua kati, unabana shina au jani ndani yake, halafu unakata vyote pamoja kwa wembe mpya uliolowa maji, kwa kuvuta mkono kuja kwako bila kukandamiza. Utomvu wa muhogo hunata kwenye wembe, kwa hiyo unafuta kila baada ya mikato miwili mitatu. Unachagua vile vipande ambavyo ukivitazama kwenye maji karibu huvioni. Nilikata, nikaweka kwenye slaidi, tone la maji, kioo juu, nikazima taa ya chumba, nikafungua mwanga wa buluu.

Ukawaka. Shina tupu, halijagusa kingamwili wala rangi, kijani chenye umanjano kikafuata michirizi ile ile, pale pale. Mirija ya maji nayo iling'aa pembeni kwa sababu ya lignini, ile inayoikaza kuta zake, kama pete. Seli zenye klorofili zikatoa wekundu wake. Palipokuwa pamekufa na kuwa kahawia ndipo palipong'aa kuliko pote, kwa kuwa mmea ukijeruhiwa hujaza kidonda kemikali za fenoli, na nyingi za kemikali hizo zina mwanga wake zenyewe. Shina la mche mzima lilikuwa hafifu kwa sababu halikuwa na kidonda. Nilikuwa nimepiga picha za kidonda mia moja na zaidi.

Mzee yule alikaa kimya karibu yangu mpaka nilipoondoa macho kwenye hadubini. Halafu akaenda kunywa chai.

Somo la kwanza basi, na nitalirudia mpaka mnichoke: tazama kipande kitupu kabla hujapaka chochote. Halafu tazama kipande cha mgonjwa chenye kila kitu isipokuwa kingamwili ya kwanza. Mmea mzima peke yake hautoshi, kwa sababu mgonjwa na mzima wanatofautiana kwa mambo mengi zaidi ya kirusi. Kontroo yako ya kweli, yaani kipande cha kulinganishia, ni mgonjwa yule yule, jani lile lile, siku ile ile.

Katika siku zilizofuata nilisoma jinsi kazi hii ilivyoanza. Albert Coons na wenzake kule Harvard, mwaka 1941, ndio waliofunga rangi kwenye kingamwili kwa mara ya kwanza, wakitafuta bakteria wa nimonia. Rangi yao ya kwanza ilikuwa ya buluu, na tatizo likawa lile lile langu: tishu yenyewe ina mng'ao wa buluu, huwezi kutofautisha. Mwaka 1942 walikuwa wamehamia kwenye fluoresini, ile ya kijani. Niliposoma hapo nililia, na sioni aibu kusema. Waliougundua mchezo huu walikutana na mwanga wa tishu siku ya kwanza kabisa, wakaubadilishia rangi, kazi ikaendelea. Hakuna aliyesimama akawaita wakurupukaji.

Nikahamia kwenye majani. Ugonjwa huu hujionyesha kwenye majani ya chini yaliyokomaa, unjano unaofuata mishipa midogo kama manyoya, na hapo mara nyingi seli bado hazijafa. Majani machanga ya juu yanaweza kukudanganya, yanapendeza tu. Nikachukua jani la chini, sehemu ya unjano, karibu na mshipa. Nikahitaji mmea mzima wa kulinganisha, na ule wa kwanza ulikuwa umeshakauka wakati wa likizo. Nikamwomba mama anitumie pingili za Kiroba kutoka shambani kwake. Majani safi, kijani kibichi, hayana doa. Nikaotesha.

Hapa ndipo nilipopoteza miezi saba.

Kingamwili yangu ilishika jani la mgonjwa. Ikashika na jani la Kiroba cha mama, hafifu zaidi, lakini ilishika. Kontroo bila kingamwili ya kwanza ilikuwa giza kwa wote wawili, kwa hiyo safari hii haukuwa mwanga wa mmea. Nikaamua kwamba seramu, yaani yale maji ya damu ya sungura yenye kingamwili, ni chafu. Hutokea: kama kirusi alichochomwa sungura kilisafishwa kutoka kwenye mimea, sungura anaweza kutengeneza na kingamwili za protini za mmea. Dawa yake inajulikana. Unasaga majani ya mmea mzima, unachanganya maji yake na seramu, zile kingamwili za mmea zinashikwa humo, unazungusha kwenye mashine, unatupa mashapo, unabaki na zile za kirusi tu. Nikasaga Kiroba cha mama. Nikachanganya. Nikazungusha. Nikapaka.

Giza. Mzima giza, mgonjwa giza. Nikarudia mara nne. Nilibadilisha bafa, nikaongeza muda, nikapunguza sabuni ya Triton, nikanunua paraformaldehaidi mpya. Giza. Kichupa cha seramu kilichobaki kilikuwa kama machozi ya paka.

Ni mwenzangu mmoja wa meza ya pili, dada wa kutoka Bukoba, aliyesema, "Hicho Kiroba umekipima?" Nikamwambia ni kizima, kimetoka kwa mama. Akakipima kwa PCR bila hata kunisubiri. Jioni akaja na karatasi. Kiroba kilikuwa na kirusi.

Fikirini nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimechukua seramu nzuri, isiyo na kosa lolote, nikaichanganya na maji ya majani yenye kirusi, na kingamwili zote za kirusi zikashikwa humo humo na kwenda kwenye mashapo. Niliitupa kwa mkono wangu ile niliyokuwa naitafuta, mara nne.

Kiroba kinajulikana kwamba kinavumilia. Huambukizwa, lakini kinaweza kukaa na majani mazuri, na mizizi yake huchelewa kuharibika. Mkulima anakipenda kwa hilo. Nilijua pia, lipo kwenye andiko langu ukurasa wa tisa. Ila pingili zilitoka kwa mama, na mimi sikuwa tayari kumpima mama.

Nilikwenda Mkuranga wikiendi ile. Nikamwomba tung'oe mashina matatu. Mihogo miwili ilikuwa safi. Wa tatu mama aliukata katikati kwa kisu cha jikoni, na ndani kulikuwa na mabaka makavu ya kahawia, magumu kama gome. Hakushtuka. Akakata pale pale palipoharibika, akatupa kwa kuku, akaendelea kumenya. "Hii huwa tunatoa tu, mwanangu. Inayobaki tunapika." Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu zamani, tangu bibi. Nikasimama pale jikoni nikiwa na shahada moja na nusu, nikatambua kwamba mama alikuwa na jibu la miezi yangu saba kwenye kisu chake, na mimi sikumuuliza.

Somo la pili ni lile la kwanza kwa nguo nyingine: usiite mmea mzima kwa kuutazama. Upime. Afadhali utumie miche iliyooteshwa kwenye chupa, iliyothibitishwa kwa PCR, ikakaa kwenye kibanda chenye neti ambapo nzi weupe hawaingii, kwa sababu hao ndio wanaobeba kirusi kutoka mmea hadi mmea. Na ukishapima, pima tena siku unayokata.

Kupata seramu nyingine kulichukua muda mrefu, na sehemu hiyo nairuka, ni barua na fomu tu. Nitasema jambo moja: kuna makusanyo ya kuaminika ya kingamwili za virusi vya mimea, kama lile la DSMZ kule Braunschweig, Ujerumani. Ukipata kichupa kutoka mahali popote, siku ya kwanza kigawe kwenye vichupa vidogo vidogo na ukigandishe. Usikae unayeyusha na kugandisha kichupa kimoja mwaka mzima. Halafu jaribu viwango vya kuchanganya, moja kwa mia, kwa mia tano, kwa elfu. Wengi mnaweka nyingi mkidhani mtaona zaidi. Mkizidisha, kila kitu kinashikwa.

Kuna na ukuta wa seli. Kingamwili ni protini kubwa, haipenyi ukuta kirahisi. Kwenye kipande cha wembe huingia kwenye seli zilizopasuliwa na kisu, zile nzima za katikati zinabaki hazijaguswa, nawe unaweza kuandika kwamba hazina kirusi kumbe kingamwili haikufika. Takebe na Otsuki kule Japani, mwaka 1969, waliuondoa ukuta wote kwa vimeng'enya, wakabaki na seli tupu za tumbaku zilizo duara, wakaziambukiza kirusi cha batobato ya tumbaku, wakazihesabu zilizong'aa moja moja. Mimi sikufika huko. Nilitumia vimeng'enya kwa dakika chache tu kulainisha, na nikawa mwangalifu kutosema chochote kuhusu seli za ndani.

Siku niliyokiona kweli sikupiga picha kwanza. Ilikuwa Alhamisi, umeme ulikuwa umerudi saa nane mchana. Nilipanga slaidi tano: kipande kitupu cha mgonjwa, mgonjwa bila kingamwili ya kwanza, mgonjwa mwenye seramu ya sungura ambaye hajachomwa kirusi, mzima wa chupa mwenye kila kitu, na mgonjwa mwenye kila kitu. Nikaanza na hizo nne. Nikakaa kwenye kila moja kwa muda mrefu. Wekundu wa klorofili, pete hafifu za mirija, basi. Nikaweka ya tano bila kugusa kitufe chochote cha mwanga.

Kijani kilikuwa kidogo. Hilo ndilo ningependa mlijue. Hakikujaa, hakikuwaka kama zile picha zangu za shina. Vilikuwa vibonge vidogo ndani ya baadhi ya seli kando ya mshipa, vimejikusanya pembeni mwa viini ambavyo nilikuwa nimevipaka buluu, na seli ya jirani haina kitu. Niliondoa slaidi, nikarudisha ya pili. Giza. Nikarudisha ya tano. Vipo. Nilifanya hivyo mara sita. Kisha nikamwita dada wa Bukoba, sikumwambia ipi ni ipi, nikamwambia aniambie anachoona. Alinyoosha kidole kwenye ya tano.

Picha hiyo ilionyeshwa mwaka uliofuata kwenye mkutano mmoja mkubwa, na jina langu halikuwepo kwenye slaidi. Niliiona kutoka kiti cha nyuma. Naiandika hapa ili ijulikane, basi.

Sasa niseme na nyinyi mnaosoma, hasa mlio kwenye mwaka wa kwanza wa uzamili. Acheni kuogopa kontroo. Najua mnaziogopa, kwa sababu kontroo inaweza kukunyang'anya matokeo uliyokwisha kumsimulia mama yako. Msimamizi anataka rasimu, ufadhili unaisha Juni, rafiki yako ameshachapisha. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna mtu Mkuranga, na Mtwara, na Kilifi, atakayepewa pingili kwa sababu wewe uliandika kwamba aina fulani haina kirusi kwenye seli zake. Ataziotesha ekari mbili. Atasubiri mwaka mzima. Halafu atakata muhogo katikati kwa kisu cha jikoni. Huyo ndiye anayesoma kazi yako, hata kama hajui kusoma Kiingereza chake. Kata slaidi ya pili kwa ajili yake. Kata ya tatu. Anza na zile zinazotakiwa kuwa giza, ukae nazo, ndipo uende kwa ile unayoitamani. Na msimamizi akikwambia kuza rangi itoke vizuri, mwambie kwa adabu kwamba slaidi zote zinapigwa kwa mwanga ule ule na muda ule ule. Akikasirika, mwache akasirike.

Binti yule hakupeleka rasimu Ijumaa. Jana jioni amenitumia picha mbili zilizowekwa pamoja: kushoto shina lenye kingamwili zote mbili, kulia shina hilo hilo bila ya kwanza. Zote zinawaka sawasawa, michirizi kwa michirizi. Chini ameandika, "Dada, nimelia kidogo. Kesho naenda shambani kutafuta majani." Nimemwambia achukue yale ya chini, asubuhi kabla hayajanyauka, na njiani apitie sokoni anunue karoti.